Kilio cha Dakika ya Pili Kina Mwenyewe

Kwa Mtayarishaji,
Filamu ya Televisheni kuhusu Kampuni ya Santuri za Korongo.

Kuhusu: Malalamiko nane na ombi moja

Ndugu Mtayarishaji,

Natanguliza salamu. Sisi hapa hatujambo, mwanangu ameota meno mawili ya chini, na kwa upande wa afya hatuna neno. Neno tunalo upande wa filamu yenu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi sita. Shule niliishia njiani, kwa hiyo ukikuta mahali nimepinda nisamehe, kosa litakuwa langu, ila hoja ni za ukoo mzima. Ninaandika kwenye meza ya jikoni, mtoto yuko mapajani, na kona ya karatasi ameshaionja. Huo unyevu hapo juu kulia ni mate yake, si machozi. Sitaki mdhani tunalia. Habari ya kulia ipo, lakini nitaifikia.

Jumapili alasiri tulikaa watu wanne kwenye kochi la watu wawili kuangalia filamu yenu: Bibi yangu mzaa mama, Mama, mimi, na mtoto. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Mnajua kwa nini? Kwa sababu alifanya kazi katika kampuni hiyo kwa miaka minne. Alikuwa akitia santuri kwenye majalada yake, akifagia studio na kukusanya vikombe. Hakusema kwamba anategemea kuonekana. Alisema gauni linahitaji kupigwa hewa. Lakini alichana nywele, na viatu alivaa, humo humo ndani.

Saa moja na nusu ikapita, filamu ikaisha, Bibi hakuonekana. Au tuseme alionekana kidogo, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. KIWIKO

Dakika ya kumi na saba mmeonyesha picha ya wafanyakazi wamesimama mbele ya mlango wa studio. Kamera ikaenda polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na yule msomaji wenu wa maelezo, mwenye sauti nzito, akawataja: mwenye kampuni, fundi mitambo, mwimbaji, wapiga gitaa wawili, mpiga besi, mpiga ngoma. Halafu akasema "na wengine", picha ikakatika. Lakini pembeni kabisa kulia, pale ilipokatikia, kuna kiwiko. Kiwiko hicho kina kovu la pasi na kimekumbatia ncha ya blanketi jeupe.

Ndugu, kiwiko hicho ni cha Bibi. Kovu hilo tumekua nalo. Mama aliruka akapiga kelele "Kiwiko!" kama mtu aliyefunga bao, mtoto akashtuka, nusura tukose dakika ya kumi na nane. Baadaye tuliitafuta filamu kwenye simu tukaisimamisha hapo hapo, na Bibi akavaa miwani akakiangalia kwa muda. "Nilikuwa mwembamba," akasema. Basi, ni hilo tu.

Sasa nauliza kwa heshima. Hicho kiwiko hakikuja kazini peke yake. Sehemu iliyobaki ya Bibi yangu mmeiweka wapi?

2. WANAUME WA KWENYE VITI

Mmeleta wataalamu tisa. Kila mmoja amekaa mbele ya rafu iliyojaa santuri, na wote wamevaa kofia ndani ya nyumba. Sikatai elimu yao. Ila kati ya hao tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga studio ile, na yule kijana wa mwisho alikiri mwenyewe kwamba kampuni ilifungwa kabla hajazaliwa. Mmoja alivaa glavu nyeupe, akaitoa santuri kwenye jalada kwa vidole viwili, huku amezuia pumzi, kama mkunga. Akasema zimebaki tatu tu.

Bibi alikuwa akitia mia nane kwa siku. Mikono mitupu. Angevaa glavu asingefika hata hamsini, na angezuia pumzi angekufa siku ya kwanza. Tena alikuwa akifanya hivyo huku mguu mmoja ukitikisa katoni. Ndiyo, katoni, maana stoo ya majalada ndiyo iliyokuwa chumba cha watoto. Katoni moja alilala Mama yangu. Ya pili alilala mtoto wa mwenye kampuni, ambaye mama yake alikuwa akimwacha hapo asubuhi akienda kazini kwake na kumpitia jioni. Mtoto huyo ndiye yule bwana mwenye skafu anayesimulia kumbukumbu za baba yake katika filamu yenu mwanzo hadi mwisho. Anasema alizaliwa mwaka uleule wa wimbo mkubwa, kwa hiyo yeye na wimbo "wamekua pamoja". Ameshukuru baba yake, fundi mitambo, umeme, na mvua za mwaka ule. Aliyembadilisha nepi miezi minne hakutajwa. Mvua imetajwa mara mbili.

3. KILIO CHENYEWE

Hapa nimemweka mtoto chini kwanza, maana ndipo penyewe.

Ule wimbo mnaouita "moyo wa kampuni", mliotupigia mara sita, una sauti nyembamba inayotokea dakika ya pili na sekunde kumi na moja. Inapanda, inapanda, inaachia, halafu gitaa linaifunika. Mmeijadili kwa dakika kumi na moja. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Kofia ya kwanza ikasema hiyo ni fidla iliyopigwa kinyumenyume. Kofia ya pili ikasema ni ndege, ikamtaja na jina. Kofia ya tatu ikafumba macho, ikasema hiyo ni huzuni ya kizazi kizima iliyokosa mahali pa kutokea. Mwisho bwana mwenye skafu akafunga mjadala: baba yake, ambaye watu walimwita Masikio ya Dhahabu, aliiweka sauti ile kwa makusudi, na siri yake akaondoka nayo. Masikio yale, anasema, yaliweza kusikia kutoka barabarani kwamba ndani kuna uzi wa gitaa umelegea. Aliwahi kusimamisha watu wote wasirekodi kwa sababu saa ya mkononi ya mpiga ngoma ilikuwa ikigonga. "Baba alisikia kila kitu," anasema, na machozi yanamlengalenga, "na kila sauti aliijua imetoka wapi."

Ndugu Mtayarishaji, sauti hiyo ni mtoto mchanga anayetaka kunyonya.

Naeleza. Juu ya mlango wa studio kulikuwa na balbu nyekundu. Balbu ikiwaka, sheria ilikuwa moja: ulipo, baki hapo hapo. Kama umeinama, utabaki umeinama mpaka wimbo uishe. Kama una chafya, imeze. Kipaza sauti kilikuwa kimoja kwa watu wote na kanda ilikuwa ya kubania, kwa hiyo wimbo uliimbwa mara moja, ukiharibika umeharibika. Siku ile Bibi alikuwa nyuma ya ngoma anakusanya vikombe, balbu ikawaka. Akasimama na vikombe sita kifuani. Hakupepesa. Mahali aliposimama hakusikia chochote isipokuwa ngoma, ngoma, ngoma. Upande wa pili wa ukuta wa mbao ndiko kulikuwa na stoo.

Wimbo ukaisha. Mwenye kampuni akatoka chumba cha mitambo amefura, akasema mbele ya watu wote: "Mtoto wako ameniharibia wimbo. Mchukue, na usirudi naye."  Bibi aliweka vikombe chini kimoja kimoja ili visigongane, akaenda stoo, akambeba Mama yangu, akaondoka. Hakurudi naye, na hakurudi bila yeye.

Mwimbaji alikuwa na safari asubuhi yake, na kanda nyingine haikuwepo. Wimbo ukatolewa vivyo hivyo, na kilio chake ndani. Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi, mmeyatengenezea filamu.

4. HESABU YENU WENYEWE

Mtaalamu wenu wa sita alisema: "Bila sauti ile, wimbo huu ungekuwa wimbo tu." Wa saba akasema: "Bila wimbo huu, kampuni ingefunga milango mwaka uleule." Mimi sikusoma sana lakini kujumlisha ninajua. Kama kampuni ilisimama juu ya wimbo, na wimbo ulisimama juu ya kilio, basi kampuni nzima, na korongo wake, na filamu yenu, na kofia tisa, vyote vilisimama juu ya Mama yangu akiwa na miezi mitano.

Yeye ndiye msanii mdogo kuliko wote waliopita pale. Alirekodi mara moja, bila mazoezi, bila kurudia, akiwa kwenye katoni.

Mama ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na mitano, na tangu Jumapili hashikiki. Ameanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mteja akija kupimwa anaambiwa asubiri, koo limekauka. Juzi alishona blauzi, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mwenye blauzi alipouliza akajibiwa kwamba wasanii hawaulizwi. Yote hayo mmeyaleta ninyi, kwa hiyo yamalizeni. Tunaomba jina lake liandikwe kwenye jalada, chini ya mpiga besi, si lazima kwa herufi kubwa. Tunaomba pia akalie kiti mbele ya rafu kama wenzake. Picha yake ya wakati huo ipo, ingawa amefumba macho.

5.

La tano lilihusu kofia. Nililiandika nikalifuta, halikuwa na adabu.

6. URITHI

Mwanangu amerithi sauti hiyo. Wapangaji wenzetu wanamwita King'ora. Akianza, mlango wa jirani unafunguliwa, na wa chini unafungwa. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni muuguzi wa zamu, mama wa watu mpole, hulala mchana, na wiki iliyopita alikuja na kanga begani akaniambia: "Mwanangu, mimi wodini nina watoto ishirini na wawili. Huyu wako anawashinda wote, na huku nimekuja kupumzika." Nilimpa pole, na pole ninayo mpaka leo. Lakini wakati huo nilikuwa bado sijaona filamu yenu. Laiti ningeiona kabla, ningemjibu kwamba analala ukuta mmoja na huzuni ya kizazi kizima, tena bure.

Msimamizi wa jengo naye ametuandikia barua kwamba kelele zipungue. Kelele! Naomba mniandikie barua yenye mhuri, niibandike mlangoni, iseme kwamba kilio cha familia hii kimethibitishwa na wataalamu tisa, na anayegonga ukuta anagonga juu ya kumbukumbu. Tena karibuni mje mumrekodi. King'ora anashikilia pumzi kuliko bibi yake, yaani Mama, alivyofanya kwenye santuri, tumewapima kwa saa. Balbu nyekundu mtakuja nayo. Katoni ninayo, ilikuwa ya sabuni, nimeifuta.

Na hapa naomba nikiri jambo moja linalonishangaza. Kitu pekee kinachomnyamazisha mwanangu akishafika juu kabisa ni wimbo ule. Nampigia kwenye simu, anaendelea kulia mpaka dakika ya pili na sekunde kumi na moja, kisha anasikia mwenzake, anatulia, anageuza shingo kumtafuta. Baada ya hapo analala. Kofia zote tisa hazikugundua hilo.

7. WENGINE WALIOMO NDANI

Nimefikiri, nikaona haki isiishie kwetu. Kama Mama yumo kwenye wimbo mmoja na hamkumjua, kwenye hizo nyingine kuna nani? Naomba santuri zote za kampuni zisikilizwe upya, na kila sauti irudishiwe mwenyewe. Mlango uliolia katikati ya wimbo ulikuwa na mtu aliyeufungua. Kikohozi kina kifua chake. Kuna wimbo mmoja, mwishoni, unasikia mtu anavuta kiti. Bibi anasema huyo ni mpishi wa chai, alikuwa na mguu mbovu, hakuweza kusimama mpaka wimbo uishe. Aandikwe: Kiti, Mpishi wa Chai.

Kisha filamu itengenezwe upya, sehemu tatu, zote kuhusu Bibi. Kwenye filamu yenu kamera ilisogea polepole kwenye miwani ya marehemu mwenye kampuni kwa sekunde ishirini, huku kinanda kinalia. Bibi ana ndala alizokuwa akivaa stoo, bado zipo chini ya kitanda. Sekunde ishirini kila ndala, mguu wa kushoto kwanza. Kinanda si lazima. Siku ya kuizindua, atakayemshika mkono kumpandisha jukwaani ndiye avae zile glavu nyeupe.

8. HILI SI LA KUCHEKESHA

Nisamehe kama huko juu nimeongeza chumvi. Hili la nane sitii kitu.

Bibi yangu hajawahi kuusikiliza wimbo ule. Miaka arobaini na mitano. Ukipigwa redioni, anainuka. Ukipigwa dukani, anaacha mkate juu ya meza ya muuzaji na kutoka, kisha ananituma mimi nikauchukue. Siku ya harusi yangu bendi iliupiga, watu wote wakainuka kucheza, mimi nikamtafuta Bibi nikamkuta uani peke yake anapanga viti ambavyo vilishapangwa. Nikamwambia, "Bibi, njoo basi ucheze na mimi." Akasema, "Nenda mwanangu, nakuja ukiisha." Jumapili pia, kila mlipoupiga, alitoka kuanua nguo. Mara sita. Nguo zilikuwa mbichi zinachuruzika maji, akaziingiza ndani zote, mara ya sita akaanza kuzitoa tena.

Anaamini kwamba aliharibu kazi za watu. Alinieleza siku moja, nikiwa na mimba, tumekaa tunachambua nguo za mtoto. Alisema watu wale walifanya mazoezi wiki tatu, kila mtu alitoa alichokuwa nacho, halafu yeye ndiye aliyewatia doa, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumwacha mtoto. Nikamwambia lakini Bibi, wimbo umependwa na dunia nzima. Akasema, "Wamependa hivyo hivyo. Fikiria ungekuwa safi." Kwa hiyo mimi ninapompigia King'ora wimbo, huwa najifungia chooni na mtoto na simu, kwa sauti ya chini, ili mtu asiyetaka kusikia asisikie. Mwanangu analala vizuri, lakini analala chooni.

Basi ombi langu lenyewe ni hili moja, na mengine yote mkiyakataa sitagomba. Mchukueni mmoja wa wale wataalamu, au ikiwezekana yule msomaji mwenye sauti nzito kwa sababu Bibi aliipenda, aangalie kamera aseme: "Mama, hukuharibu chochote. Kilio ndicho kilichoujenga." Basi. Mkiirusha hiyo, nitamkalisha Bibi kwenye kiti na kumpakata King'ora, wimbo upigwe sebuleni kwa sauti ya kawaida, kama kwa watu wengine, mtoto alale mahali pa heshima.

Nina imani mtanijibu. Baba King'ora anasema watu wa televisheni hawasomi barua za mkono, mimi nimemwambia mtu aliyeshukuru mpaka mvua hawezi kukosa moyo.

Naishia hapa, maana mtoto ameamka na sina karatasi nyingine isipokuwa hii ya nyuma ya barua ya msimamizi. Nisalimie wenzako wote hapo ofisini, mshika kamera, na mwenye sauti nzito. Wasalimie kofia, zote tisa, sina kinyongo nazo. Msalimie bwana mwenye skafu. Mama anawasalimu akiwa na miwani. Bibi hajui kwamba naandika, lakini angejua angewasalimu.

Wako mtiifu mwenye matumaini,
Mama King'ora
(mjukuu wa Kiwiko)

Nyongeza:

Ndugu Mtayarishaji, barua nilishaikunja. Nilishuka dukani kununua bahasha, nikamwacha mtoto na Bibi. Nilikawia kidogo kwa sababu ya foleni. Huku nyuma King'ora akaanza, akafika juu kabisa, muuguzi akagonga ukuta, na Mama, ambaye mambo ya chooni nilimwambia mara mia, akachukua simu yake akaupiga wimbo hapo hapo sebuleni. Nadhani alitaka kujisikiliza mwenyewe.

Bibi hakuweza kuinuka. Alikuwa na mtoto begani.

Nilipofungua mlango wimbo ulikuwa umefika dakika ya pili. Niliganda pale pale na bahasha mkononi, utafikiri balbu imewaka. Kilio kikaja, kikapita. King'ora akanyamaza. Bibi akakunja uso. Nikasema moyoni, kwisha, leo tumemuumiza mwanamke wa watu.

"Rudisha," akasema.

Mama akarudisha. Kikapita tena. "Rudisha." Mara ya tatu Bibi akainamisha sikio kabisa kwenye simu, halafu akasema, kama anayeona nguo isiyo yake kwenye kamba: "Huyu si wangu."

Mama akavua miwani. "Mama! Ni mimi huyo!"

"Wewe hukulia hivyo hata siku moja. Wewe ulikuwa ukilia mara moja, unanyamaza, unasikiliza kama kuna mtu anakuja. Huyu anavuta pumzi mara tatu kama anayepanda ngazi, ndipo anaachia. Huyu ni mtoto wa bosi. Nimemlea miezi minne, nisimjue?"

 Kisha akasema sasa anakumbuka. Siku ile alipoingia stoo, mwenye mashavu yaliyolowa alikuwa yule wa katoni ya pili. Alimfuta yeye kwanza, kwa mazoea, ndipo akambeba Mama, ambaye alikuwa na macho makavu, anacheza na kipande cha jalada. Aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini Masikio ya Dhahabu alishasema amesikia ni mtoto wa mfagiaji, na mtu wa namna hiyo akishasema amesikia, nani angembishia?

Nilidhani atalia. Alicheka, Ndugu. Alicheka mpaka mtoto akawa anaruka begani, mpaka muuguzi akaja mlangoni kuuliza kama kuna usalama, akaelezwa, akakaa chini akacheka naye. "Alisikia saa ya mkononi," Bibi anasema, anafuta macho, "mwanawe hakumsikia."

Kwa hiyo naandika kuondoa malalamiko. La tatu, la nne na la sita yafuteni, kilio si chetu. Mama amerudi cherehani na blauzi ya watu anaifumua. Msimamizi wa jengo nitamwomba radhi, kumbe King'ora ni kelele tu. La nane nalo liacheni: hakuna haja ya mtu kumwambia Bibi kwamba hakuharibu, ameshasikia mwenyewe. Mtaarifuni bwana mwenye skafu kwa upole, akiwa amekaa, kwamba ile huzuni ya kizazi kizima ilikuwa njaa yake. Bibi anamsalimu sana na anauliza kama lile sikio lake lililokuwa likitoa maji lilipona.

La pili na la saba nayo nimeyasamehe. Limebaki la kwanza tu, na sasa si malalamiko, ni ombi. Ile picha ya kiwiko mtuletee nzima. Blanketi jeupe lile, Bibi anasema, halikuwa la Mama. Mama siku hiyo alikuwa mgongoni. Lililokuwa mkononi ni la mtoto wa bosi. Mlipomkata Bibi yangu, Ndugu, mlimkata na msimulizi wenu.

Nafunga bahasha. Wimbo unapigwa mara ya tano hapa sebuleni, mtoto amelala kwenye kochi, na Bibi amekaa. Ameniuliza sasa hivi ni nani huyu anayeimba, na siku ile yeye mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mwimbaji huyo. Anasema, kumbe wimbo ni mzuri.